Sweta la Aliyetoka Jandoni: Jinsi Laduma Ngxokolo Alivyofuma Chapa

Mwaka 2010, mwanafunzi wa ubunifu wa nguo katika Chuo Kikuu cha Nelson Mandela Metropolitan, mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, alikabidhi kazi yake ya mwisho. Zilikuwa sweta za wanaume, zenye mistari ya pembe kali na maumbo ya almasi yaliyopangana kwa rangi zinazowaka. Kazi hiyo ilishinda nchini Afrika Kusini, ikapelekwa London, na huko ikashinda tena katika mashindano ya kimataifa ya Society of Dyers and Colourists, chama cha Waingereza cha wataalamu wa rangi na utiaji rangi kilichoanzishwa mwaka 1884.

Mwanafunzi huyo ni Laduma Ngxokolo. Leo chapa yake, MAXHOSA AFRICA, inajulikana mbali na jimbo alikozaliwa, na wengi huieleza kama hadithi ya kipaji na bahati. Maelezo hayo hayamsaidii mwanafunzi aliyeko chuoni sasa hivi, anayehangaika na vipande vyake vya majaribio ya vitambaa upande mmoja na nembo ya chapa yake ya kubuni upande wa pili, kana kwamba ni masomo mawili. Katika kazi ya Ngxokolo hakuna mpaka kati ya mambo hayo mawili. Uamuzi uliozaa kitambaa ndio huohuo uliozaa chapa, na unaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mahali pa kuanzia ni mvaaji. Miongoni mwa Waxhosa, kijana hupitia jando liitwalo ulwaluko. Akishatoka huko anaitwa ikrwala, yaani mwanamume mpya, na kwa miezi kadhaa, kwa kawaida karibu sita, anatakiwa avae kwa heshima: koti, kofia, shati, sweta nzuri. Nguo zake za utotoni hugawiwa wengine. Familia hujikamua kumnunulia mpya, na kwa miaka mingi ununuzi huo ulielekea kwenye sweta za kampuni za kigeni, hasa za Uskoti kama Pringle, zenye yale maumbo ya almasi yaliyopishana na mistari myembamba ya mshazari.

Ngxokolo naye alipitia jando hilo, na jambo lililomgusa ni hili: kijana anatoka kwenye desturi iliyo kiini cha Uxhosa wake, kisha anajitambulisha kwa jamii akiwa amevaa michoro ya watu wengine. Wakati huohuo ushanga wa Kixhosa umejaa almasi, zigizaga na pembetatu zisizopungukiwa na kitu mbele ya zile za Uskoti. Kazi ikawa kuitoa michoro hiyo kwenye ushanga na kuiingiza kwenye sufu.

Tazama jinsi swali alilojiuliza lilivyobanwa vizuri. Hakuanza na "nifanye nini na utamaduni wangu", swali ambalo limezamisha miradi mingi ya wanafunzi kwa upana wake. Alianza na mtu mmoja anayejulikana umri wake, msimu wake wa kununua, nani anamlipia na kwa nini lazima avae sweta. Soko lilikuwepo kabla ya bidhaa. Waliobobea katika biashara ya mavazi hulipa fedha nyingi kuupata ufahamu wa namna hiyo, na yeye aliupata kwa kuyaangalia maisha yake mwenyewe kwa makini.

Ufundi wenyewe aliurithi nyumbani. Mama yake ndiye aliyemfundisha, angali kijana, kutumia mashine ya kufumia ya mkono, na alifariki kabla ya kuyaona matunda ya mafunzo hayo. Kwa hiyo mwanawe alipofika chuo kikuu hakuwa akijifunza kufuma. Alikuwa tayari anajua mashine inakubali nini na inakataa nini, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mbunifu asiyeijua mashine huchora kitu halafu fundi ndiye anayeamua kitatokaje.

Sasa uzi. Jimbo la Eastern Cape, liliko jiji la Port Elizabeth ambalo tangu 2021 linaitwa rasmi Gqeberha, ni kitovu cha mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora. Mbuzi hao waliingia Afrika Kusini kutoka Uturuki mwaka 1838, na leo nchi hiyo inatoa karibu nusu au zaidi ya mohea yote duniani. Kondoo wa merino nao wamefugwa huko kwa vizazi vingi. Ngxokolo alichagua nyuzi hizo mbili, mohea na merino. Ingekuwa rahisi kusema ni uzalendo tu, ila ukitazama kazi inayofanywa na kila uzi utaona sababu za kiufundi zenye nguvu zaidi.

Ushanga ni kioo. Rangi yake ni kali na inang'aa, kwa sababu mwanga unapiga sehemu nyororo na kurudi moja kwa moja. Sufu ya kawaida haiwezi hivyo. Kila unyweleo wa sufu umefunikwa magamba madogo yaliyopandana, na magamba hayo hutawanya mwanga, ndiyo maana sweta ya sufu huonekana imefifia kidogo hata ikiwa imetiwa rangi kali. Mohea nayo ina magamba, lakini yamelala bapa juu ya unyweleo, hivyo mwanga hauvunjwi sana. Uzi unang'aa, na rangi zinatokea kwa kina. Kwa mtu anayetaka kuhamisha mwako wa ushanga kwenye nguo inayofumwa, ni vigumu kupata manyoya yanayokaribia zaidi.

Lakini mohea peke yake ina tabu zake. Ina utelezi na haina ule mnyumbuko wa kurudi mahali pake baada ya kuvutwa. Nywele zake ndefu huchomoza na kufunika kingo za mchoro, na mchoro wa pembe kali hauwezi kuvumilia kingo zilizofunikwa. Hapo ndipo merino inapoingia. Ni nyembamba, yenye mikunjo ya asili inayoufanya uzi uvutike na kurudi, na vitanzi vyake husimama wazi kimoja kimoja. Ukichanganya, mmoja anakupa mng'ao na mwingine anakupa mstari ulionyooka. Zote mbili, kwa kuwa ni manyoya ya wanyama, hupokea rangi za asidi katika maji ya moto yanayokaribia kuchemka, kwa hiyo zinaweza kutiwa rangi pamoja. Haishangazi kwamba majaji waliompa tuzo walikuwa watu wa taaluma ya rangi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mchoro, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Mwanafunzi akichukua karatasi ya miraba na kunakili ushanga, mraba mmoja kwa punje moja, atapata almasi safi machoni. Akiipeleka kwenye mashine, almasi ile itatoka imebonyea. Sababu ni kwamba kitanzi cha ufumaji si mraba: upana wake unazidi kimo chake. Chukua kitambaa chenye vitanzi 28 kwa upana na mistari 40 kwa kimo katika kila sentimita 10, kipimo cha kawaida kwa sweta jepesi. Almasi yenye vitanzi 20 kwa mistari 20 itakuwa na upana wa sentimita 7 na kidogo, lakini kimo cha sentimita 5 tu. Ili upana na kimo viwe sawa inahitajika mistari 28 au 29. Tena huwezi kuongeza mistari popote unapotaka, maana mteremko wa pembe utavunjika na kuwa ngazi. Lazima uamue ni katika hatua zipi kingo zisimame mistari miwili kabla ya kupiga hatua pembeni, na uamuzi huo urudiwe sawasawa pande zote nne. Michoro ya MaXhosa inasifiwa kwa ulinganifu wake, na nyuma ya ulinganifu wa namna hiyo kuna hesabu iliyofanywa kitanzi kwa kitanzi.

Rangi ni mtego wa pili. Mshona ushanga anaweza kuweka rangi tano katika mstari mmoja bila gharama yoyote ya ziada, kwani kila punje inajitegemea. Katika ufumaji, uzi usiotumika mbele lazima upite nyuma. Mashine za nyumbani zinazoongozwa na kadi za matundu kwa kawaida hufuma rangi mbili tu katika mstari, na mchoro hujirudia kila baada ya vitanzi 24. Ukiacha eneo pana la rangi moja, uzi wa pili unaning'inia nyuma kwa urefu huo wote, na siku mvaaji atakapoingiza mkono kwenye sweta lake la sufu, vidole au saa vitanasa. Mashine za kiwandani zinazoendeshwa kwa kompyuta hukubali rangi nyingi zaidi na huufunga uzi wa nyuma, ila kila rangi unayoongeza inakizidishia kitambaa unene na uzito.

Kwa hiyo mbunifu hana budi kuchagua. Njia moja inayojulikana na wafumaji ni kubaki na rangi chache katika kila mstari, kisha kubadilisha jozi ya rangi kadiri unavyopanda, ili nguo nzima ionekane ina rangi nyingi ingawa hakuna mstari unaobeba mzigo. Ukizitazama sweta za MaXhosa kwa karibu, utaona mikanda ya ulalo, kila mkanda ukiwa na rangi zake, na almasi zinapita juu yake bila kukatika. Mpangilio huo unaendana na ushanga wa Kixhosa na unaendana na mashine pia. Hapo ndipo ubora wa kazi ile ulipo: alitafuta mahali ambapo mapokeo na chombo vinakubaliana, badala ya kukilazimisha kimoja kumtii mwenzake.

Baada ya hapo chapa ilikuwa imekwisha kujitengeneza kwa sehemu kubwa. Kwanza iliitwa MaXhosa by Laduma, jina linalotaja watu na kisha fundi, na baadaye likawa MAXHOSA AFRICA. Lakini kinachoitambulisha nguo ni mchoro wenyewe. Mtu huitambua toka ng'ambo ya barabara bila kusoma lebo, na jiometri ileile imehamia kwenye soksi, magauni na mazulia bila kupoteza sura. Wanafunzi wengi huanza na nembo, kadi ya biashara na rangi za maandishi, halafu wanatafuta bidhaa ya kuzibandikia. Mpangilio wa Ngxokolo ulikuwa kinyume, na umedumu.

Mafanikio yalifuata: tuzo ya Vogue Italia ya kusaka vipaji vya Afrika mwaka 2015, shahada ya uzamili katika chuo cha Central Saint Martins mjini London, kazi yake kuonyeshwa katika maonyesho ya mavazi ya jumba la makumbusho la MoMA, New York, mwaka 2017, na mavazi yake kuonekana katika filamu ya Coming 2 America ya mwaka 2021.

Ikaja na tabu. Mwaka 2018, soksi zilizokuwa zikiuzwa na Zara zilionekana kubeba mchoro unaofanana mno na wa moja ya kadigani zake. Ngxokolo alilalamika kupitia wanasheria, na kampuni ikaziondoa soksi hizo madukani. Kisa hicho kilifungua swali ambalo halina jibu jepesi: mchoro uliotokana na ushanga wa watu wengi ni wa nani? Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba almasi ya ushanga ni ya Waxhosa wote na haifai kufungiwa na mtu yeyote, lakini mpangilio mahsusi wa rangi, vipimo na mikanda katika sweta fulani ni jasho la aliyeupanga, na anastahili kulindwa. Afrika Mashariki inalijua pambano la aina hii. Wakenya waliwahi kusimama kupinga kampuni ya Uingereza iliyotaka kusajili neno kikoy kama alama yake ya biashara.

Kuna dosari moja isiyofaa kufichwa. Sweta hizi sasa ni bidhaa za anasa, na bei zake zimezua mjadala mkali Afrika Kusini kwenyewe. Mohea na merino ni nyuzi ghali, kufumia nchini na kulipa wafanyakazi ipasavyo ni ghali pia, na hakuna sababu ya kumtaka mbunifu Mwafrika auze rahisi kuliko Mskoti. Hata hivyo mradi wa 2010 ulibuniwa kwa ajili ya ikrwala, ambaye mara nyingi ni mtoto wa familia yenye kipato kidogo. Toleo la bei nafuu, hata la merino tupu lenye rangi mbili, lingeirudisha kazi kwa mlengwa wake wa kwanza, na kiufundi hakuna kinacholizuia.

Kwa wanafunzi wa ubunifu wa mavazi Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, kuna hatua ambayo isiachwe hadi baada ya mahafali. Hifadhini karatasi zenu za miraba, vipande vya majaribio na tarehe zake, kwa kuwa huo ndio ushahidi kwamba mchoro ni wenu. Kisha, kabla ya onyesho la mwisho na kabla ya picha ya kwanza kupandishwa mtandaoni, fikeni ofisi zinazohusika: Kenya ni KIPI kwa miundo ya bidhaa na alama za biashara, Tanzania ni BRELA kwa alama za biashara na COSOTA kwa hakimiliki.