Heko, Mafundi wa Chuma

Wengi humsifu fundi wa kuchomelea kwa mshono uliolala sawasawa. Mimi namsifu kwa anavyokijua chuma kabla hajawasha mashine. Chuma laini cha geti kinavumilia makosa. Springi ya lori haivumilii. Ina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.6, na ukiichomelea ikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya mshono hupoa ghafla ikawa ngumu na nyepesi kupasuka. Ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, mwenye mali keshaondoka nayo. Ndiyo maana fundi hodari huipasha moto kwanza, hutumia vijiti vikavu, maana unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono, kisha huifukia majivuni ipoe polepole.

Na wahunzi wanaoigeuza springi hiyo hiyo kuwa patasi! Huipasha mpaka iwe nyekundu ya kung'aa na sumaku isiivute tena, wakaitumbukiza kwenye mafuta. Hapo ni ngumu mno, huvunjika kama kioo. Basi huisugua ing'ae, huirudisha kwenye moto mdogo na kuikazia macho: inageuka manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Patasi huishia kwenye kahawia, kama nyuzi 260 za Selsiasi. Wakichelewa kidogo tu, makali yamelegea. Elimu hiyo ya macho naiheshimu sawa na ya maabara.

Ndugu mteja, fundi akikuambia urudi kesho chuma kipoe, rudi kesho, na umlipe haki yake yote.