Mwanya wa Mlango Hautengenezwi Mlangoni

Wanunuzi makini wa MGB ya wazi wana jaribio moja wanalolifanya kabla ya kutaja bei. Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake manne, hufungua na kufunga mlango huku wakiangalia mwanya unaouzunguka. Kisha huinua upande huohuo kwa jeki na kujaribu tena. Mwanya ukibana sehemu moja na kupanuka sehemu nyingine, au mlango ukigoma kabisa kuingia kwenye komeo lake, gari hilo lina kazi kubwa mbele yake, hata kama rangi inang'aa na viti vinanukia ngozi mpya. Jaribio ni jepesi, lakini limebeba hoja yote ninayotaka kuitetea: kwamba kazi ya bodi katika kufufua magari ya zamani ya michezo ya Uingereza ni kazi ya maarifa kabla ya kuwa kazi ya urembo, na kwamba fundi anayeiweza anastahili heshima ileile anayopewa fundi wa injini. Wengi huamini kwamba akili ya gari iko kwenye injini na bodi ni vazi tu. Ushahidi unasema vinginevyo.

MGB ilitoka kwenye kiwanda cha Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa. Tofauti na MGA iliyoitangulia, haikuwa na chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Gari lenye paa la bati husaidiwa na paa hilo kubaki limenyooka. Gari la wazi halina msaada huo, kwa hiyo mzigo hubebwa na sakafu, handaki la katikati linalopitisha shafti, na vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kila kizingiti kimejengwa kwa matabaka: bati la ndani, bati la nje, ukuta mwembamba uliosimama kati yake, na reli ya chini, vyote vikiwa vimeshikanishwa kwa nukta nyingi za kuchomelea. Ni muundo imara ajabu kwa bati lenye unene wa karibu milimita 1. Udhaifu wake ni kwamba matope na maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi huingia ndani na kukaa humo, na kutu huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Bati la nje linapotoboka, lile la katikati limekwisha siku nyingi. Bodi huanza kulegea katikati, nguzo za mlango hukaribiana kwa juu, mlango hubanwa. Mwenye gari husema mlango umeharibika, kumbe mlango hauna kosa lolote.

Ndiyo maana nasema mwanya wa mlango hautengenezwi mlangoni. Fundi mwenye haraka huhamisha bawaba, hukwangua ukingo kwa tupa, hujaza puti penye pengo, na gari huondoka likiwa na mlango unaofungika na mifupa iliyovunjika. Fundi anayejua huanzia mbali. Huliweka gari kwenye stendi, akalipima kwa pimamaji mbele na nyuma hadi ahakikishe halijapinda kwa uzito wake lenyewe. Huchomelea vyuma vya muda kutoka nguzo hadi nguzo, akivikalisha kwa ndani ili mlango uendelee kufungwa na kufunguliwa. Hukata kizingiti cha upande mmoja tu na kuuacha wa pili ushike gari. Bati jipya hulibana kwa klampu na skrubu, hurudisha mlango kwenye bawaba zake, huufunga, hupima mwanya juu, chini na pembeni, huufungua tena, hulegeza klampu moja, husogeza bati kidogo, hupima upya. Saa nyingi hupita bila cheche hata moja kuruka. Na cheche zikianza bado hana ruhusa ya kukimbia, kwa sababu bati likipata moto hutanuka, na likipoa hunywea na kuvuta kila kilichoshikana nalo. Akichomelea mshono mzima kwa mkupuo mmoja, uwazi wa mlango alioupima vizuri asubuhi utakuwa mwingine jioni. Kwa hiyo huchomelea kidogo hapa, akahamia mwisho wa pili, akasubiri, akarudi.

Utaratibu una sheria zake. Fenda za nyuma za MGB zimechomelewa kwenye bodi, za mbele zimefungwa kwa bolti. Mtu anayefikiri huona mara moja maana yake: kinachosogea hufuata kisichosogea. Mlango hupatanishwa na fenda ya nyuma kwanza, fenda ya mbele ikapatanishwa na mlango, boneti ikaja mwisho. Anayeanza na boneti kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi atajikuta ameyasukuma makosa yote hadi kwenye ukingo wa nyuma wa mlango, mahali ambapo hakuna bolti ya kulegeza. Tena kuna mambo mawili madogo ambayo huwaumbua wengi. Mpira wa kuzuia maji ukiwa mpya una nguvu ya kuusukuma mlango nje, hivyo mlango uliokaa sawa na bodi bila mpira utatokeza ukishavalishwa. Na rangi nayo ina unene: ikipigwa juu ya praima kwenye kingo mbili zinazotazamana, hula sehemu ya mwanya. Fundi hodari huvalisha mpira wakati bodi bado ni bati tupu, na huacha nafasi ya rangi ambayo bado haijachanganywa kwenye kopo.

Triumph TR6 huthibitisha hoja hiyohiyo kwa njia nyingine. Gari hili lilitokana na TR4 iliyochorwa na mbunifu Mwitaliano Michelotti, na lilipofika 1968 kampuni ya Karmann ya Ujerumani ilikuwa imelibadilisha sura mbele na nyuma, ikiacha sehemu ya katikati na milango yake karibu ilivyokuwa. Chini ya bodi kuna chesisi ya kweli, na kati ya viwili hivyo kuna vibati vya kuinulia mahali bolti zinapopita. Kuongeza kibati kimoja chini ya nguzo ya mbele hubadilisha mwanya wa mlango kwa juu, kukitoa huurudisha. Anayeitenganisha bodi na chesisi, akabadilisha sakafu na vizingiti juu ya meza, kisha akairudisha bodi akitumaini mema, hugundua kwamba ametengeneza bodi nzuri ya chesisi isiyokuwepo. Vizingiti vya TR huchomelewa bodi ikiwa imekalia chesisi yake, vibati vikiwa mahali pake na milango ikiwa imefungwa.

Kwenye Jaguar E-Type ugumu umehamia mbele. Gari hili, lililozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, lilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka kwenye utengenezaji wa ndege na aliyefikia mikunjo yake kwa hesabu. Boneti yake imebeba fenda zote mbili na pua, vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na yote huinuka kwa bawaba zilizo mbele kabisa, juu ya fremu ya mabomba iliyofungwa kwenye ukuta wa injini. Fikiria urefu wa boneti ile. Kosa dogo kwenye bawaba huwa kosa kubwa likifika kwenye kioo cha mbele. Fremu iliyowahi kugongwa kidogo, pengine miaka mingi iliyopita, itajitangaza kwenye mstari wa nyuma wa boneti, na hakuna nyundo itakayoponya mstari ule mpaka fremu inyooshwe.

Austin-Healey 3000 nayo ilipata bodi yake kwa Jensen, West Bromwich. Sehemu za juu za mbele na za nyuma ni alumini, fenda ni chuma, na vikigusana penye unyevu alumini huliwa ikawa unga mweupe. Wanaozifumua mara nyingi hukuta namba ya bodi imegongwa kwenye boneti na mfuniko wa buti. Sababu ni wazi: vipande vilipatanishwa kwa mkono na gari moja, na havikutarajiwa kuingia kwenye jingine bila kubishana. Anayenunua boneti ya Healey kutoka gari lingine amenunua mwanzo wa kazi.

Kuna ustadi mmoja ambao ningependa kila kijana anayejifunza kunyoosha bodi aone ukifanywa walau mara moja. Viwanda vya Uingereza vilifunika mishono na kujenga kingo kwa risasi iliyochanganywa na stani, na warekebishaji bora bado hufanya hivyo. Bati husafishwa hadi ling'ae, hupakwa stani nyembamba kwa dawa yake, kisha mche wa risasi huletwa karibu na ndimi laini za moto. Mchanganyiko wa sehemu 30 za stani na 70 za risasi huanza kulegea kwenye nyuzi 183 na hauyeyuki kabisa mpaka zipite 250. Katikati ya hapo huwa kama siagi, na katika muda huo mfupi fundi huusukuma kwa kibao cha mti mgumu kilichopakwa shahamu, akiupeleka hadi ukingoni mwa mlango. Moto ukizidi, kazi yote hudondoka sakafuni. Ukipungua, hupasuka kama chokaa kavu. Kisha hulainishwa kwa tupa, kwa mkono, bila mashine ya kusaga, kwa maana vumbi la risasi ni sumu. Ukingo uliojengwa hivyo unaweza kupigwa na mlango kila siku bila kumeguka, jambo ambalo puti nene haliwezi. Sisemi puti ni dhambi. Likipakwa jembamba juu ya bati lililokwisha kunyooka, linafanya kazi yake vizuri. Ninalolipinga ni puti linalobeba umbo ambalo chuma kilipaswa kulibeba.

Yupo atakayesema kwamba mashine zimelimaliza tatizo hili. Hoja yake ina uzito. British Motor Heritage ilianza mwaka 1988 kutengeneza bodi mpya za MGB kwa kalibu za zamani, na bodi hizo zilifaa kiasi kwamba Rover iliunda MG RV8 juu ya bodi iliyotokana nazo, kati ya 1993 na 1995. Lakini kalibu za zamani huzaa pia tabia za zamani: bodi mpya bado huhitaji milango yake ipatanishwe, na fenda zake zisukumwe huku na kule kabla ya rangi. Jaguar ilipoamua mwaka 2014 kuunda zile E-Type 6 nyepesi ambazo hazikuwahi kukamilishwa miaka ya 1960, ilipima nusu ya bodi ya zamani kwa skana, kisha ikaigeuza nusu ile kwa kompyuta ili kupata upande wa pili ulio sawa nayo. Skana ilipima, na binadamu ndiye aliyeamua kwamba upande mmoja uwe mwalimu wa mwingine. Bila mtu anayejua bodi, vipimo milioni havituambii lipi ni umbo na lipi ni ajali.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: kwamba magari haya hayakuwa na mianya sawa hata siku yalipotoka kiwandani, kwa hiyo kuyanyoosha mno ni kuyadanganya. Nalikubali nusu. Kuipa Healey ya 1960 mianya ya gari la leo ni kulifuta gari lililokuwepo, na Hati ya Torino ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inatutaka tuhifadhi kabla ya kubadilisha. Lakini tutofautishe. Mwanya usiolingana uliotokana na mkono wa mfanyakazi ulikuwa juu ya bodi nzima. Mwanya usiolingana wa leo, mara nyingi, ni dalili ya kizingiti kilichooza au chesisi iliyopinda, na ukiuacha kwa jina la uasilia umeuacha ugonjwa. Kipimo ninachokiamini ni kiwanda katika siku yake nzuri, milimita 4 au 5 pasipokwaruza popote, na mstari wa fenda unaopokelewa na mstari wa mlango.

Anayebisha kwa ajili ya gharama ajibiwe waziwazi: ni kweli, kazi hii ni ghali, na sehemu kubwa ya gharama ni saa ambazo hazitaonekana kamwe. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, wanaonyoosha milango kwa nyundo na chuma cha kukingia wanalijua hilo, maana mteja wao pia hulipia rangi kwa moyo mweupe na hunung'unikia siku za kunyoosha. Basi anayenunua gari la namna hii lililokwisha kufufuliwa asiridhike na picha za rangi mpya. Aombe picha za bodi ikiwa bati tupu, vizingiti vikiwa vimebanwa kwa klampu na milango ikiwa imefungwa juu yake, kabla ya nukta ya kwanza ya kuchomelea. Fundi aliyeifanya kazi hiyo kwa utaratibu atakuwa nazo, na atafurahi kuulizwa.