Kipaza Sauti: Neno Moja, Vyombo Viwili

Tumeletewa rasimu ya mwongozo wa Kiswahili uelezao namna ya kuitayarisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, itumiayo mfumo wa Linux, ili itoe sauti. Juhudi ya mfasiri yastahili pongezi: sentensi zake ni fupi, na amri za kompyuta ameziacha kama zilivyo. Hata hivyo, istilahi tatu zahitaji kuangaliwa upya.

Ya kwanza ni "kipaza sauti". Katika ukurasa mmoja ni chombo kipokeacho sauti ya msemaji. Katika ukurasa wa pili ni chombo kiitoacho. Mkutanoni utata huu haudhuru, maana vyombo vyote viwili vi mbele ya macho. Hapa hudhuru. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, ina tundu la milimita 3.5 ambalo hutoa sauti wala halipokei. Aambiwaye "chomeka kipaza sauti", naye akachomeka cha kusemea, atangoja bure. Twapendekeza "maikrofoni" na "spika", maneno yaliyokwisha kuzoeleka kwa mafundi na kwa wasikilizaji wa redio.

Ya pili ni "toleo la sauti". Neno "toleo" limekwisha kutwaliwa na magazeti, vitabu na programu. Asomaye "chagua toleo" atatafuta programu mpya, ilhali atakiwalo ni kuchagua kati ya tundu lile na waya wa HDMI uendao kwenye skrini. "Njia ya kutolea sauti" ni istilahi ndefu, lakini yasema kweli. Tena yafaa hata kwa Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023, isiyo na tundu hilo.

Ya tatu ni "punguza sauti", iliyotumiwa pia kwa maana ya kuizima kabisa. Katika programu ya alsamixer hayo ni mambo mawili: kiwango chaweza kuwa juu na njia ikawa imezibwa kwa kubonyeza herufi M. Kwa jambo hili la pili tuseme "nyamazisha".

Aliye peke yake mbele ya kompyuta iliyo kimya hana wa kumwuliza ila mwongozo wake. Akikwama kwa sababu ya neno, atadhani kilichoshindwa ni Kiswahili, kumbe ni uteuzi wetu wa istilahi. Twakaribisha maoni ya wasomaji.