Chale ya Vijay na Kigego cha Mbega

Picha ya Kihindi iitwayo Deewaar, maana yake "Ukuta", ilitolewa mwaka 1975. Mwongozaji wake ni Yash Chopra, na hadithi iliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Wengi huihesabu kuwa picha ya majambazi tu, kwa kuwa mna magendo, bunduki, na magenge mawili yanayowindana katika mji wa Bombay. Lakini mtazamaji wa Malindi ya Lushoto, katika milima ya Usambara, hata akiwa hajui neno moja la Kihindi, ataona humo jambo la kale zaidi: mtoto aliyetiwa alama asiyoitaka, kisha akahukumiwa kwayo.

Habari ya namna hiyo ndiyo asili ya ufalme wa Usambara. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichotolewa upya mwaka 1962, Mbega ni kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Kwa sababu hiyo nduguze walimnyima urithi, naye akaondoka kwao Ngulu.

Vijay hakuzaliwa na alama yake. Baba yake, kiongozi wa wafanyakazi, alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kuwasaliti wenzake ili mkewe na watoto wasiuawe. Alipokimbia kwa aibu, watu walimkamata Vijay, wakamchanja mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Mama akawachukua wanawe wawili mpaka Bombay, akabeba mawe na zege. Vijay akawa kuli wa bandarini, kisha mkubwa wa magendo. Ravi, mdogo wake, akasoma, akawa afisa wa polisi.

Kiini cha picha ni pale Ravi anapomtaka kaka yake atie sahihi karatasi ya kukiri makosa. Vijay anajibu kwamba zitangulie sahihi za wengine: ya yule aliyemlazimisha baba, ya yule aliyemdhalilisha mama, na ya wale waliomchanja. Ravi anamwambia kuwa dhambi za wengine hazipunguzi zake. Maneno ya Ravi ni ya haki, wala hayana kasoro katika sheria. Hata hivyo dai la Vijay halijibiwi. Waliomchanja hawaitwi mbele ya hakimu yeyote, na picha yenyewe haiwatafuti tena.

Amitabh Bachchan ameuelewa uzito huo. Hapigi kelele, husema kwa sauti nzito na polepole, na hasira yake hukaa machoni. Tangu utoto Vijay hukataa kuingia hekaluni, humngojea mama nje. Anapoingia mara ya kwanza, mama akiwa mgonjwa, husema na Mungu kama mdai anayemkabili mdaiwa wake, na hapo uchezaji wake wafika kilele. Shashi Kapoor ana kazi ngumu zaidi, maana mtu mwema huchosha upesi. Lakini kwa upole wake Ravi haonekani kuwa mtu wa kujisifu. Nirupa Roy, katika nafasi ya mama, hulia mno mahali pengine, ila anapochagua kukaa na mwana maskini na kumwacha yule ampendaye zaidi, uso wake unatosha. Wachumba wa ndugu hao, Parveen Babi na Neetu Singh, wameachiwa nafasi ndogo, na hiyo ni kasoro ya hadithi.

Mwisho Ravi anampiga kaka yake risasi, naye Vijay anafia mikononi mwa mama, hekaluni. Hapa ndipo hadithi hizi mbili zinapoachana. Mbega alipofika Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa jina jingine, Simba Mwene, na ufalme. Vijay hakupewa jina jingine na mtu yeyote, isipokuwa kuli mzee Mwislamu aliyemwambia kuwa namba ya beji yake, 786, ni hesabu ya Bismillahi. Aliitunza mpaka siku ya kufa, siku ilipomponyoka. Watu wa Usambara walimtazama mgeni kwa faida aliyowaletea; watu wa Bombay walisoma mkono wake tu. Mtazamaji akimlilia Vijay, basi na ajiulize yeye mwenyewe huko kwao amemchanja nani.