Kivinjari Hakijui Unachokosa

Ukurasa uliotegemea Flash, programu jalizi ya kivinjari, ulipofunguliwa kwenye kompyuta isiyokuwa nayo, mtu alikutana na kisanduku kitupu cha kijivu, katikati yake kipande cha chemshabongo. Wengi walidhani tovuti imeharibika. Wengine walihisi ni intaneti yao inayosuasua, wakasubiri. Lawama zikaangukia vivinjari, na hapo sikubaliani na wengi: kivinjari kilikuwa kimesema kila kilichokijua.

Kilijua nini? Msimbo wa ukurasa ulikitajia aina ya faili, application/x-shockwave-flash, pamoja na upana na urefu wa nafasi yake. Basi. Kama ndani ya faili mna tangazo la sabuni, mchezo wa watoto au fomu ya kodi ambayo mwisho wake ni kesho, hakikuwa na njia ya kung'amua. Aliyejua ni yule aliyeutengeneza ukurasa, na ndiye aliyenyamaza.

Wala hakukosa pa kusemea. HTML 4, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa na tegi ya object, ambayo yaliyoandikwa kati ya kufunguliwa na kufungwa kwake huonekana pale tu kitu chenyewe kinaposhindwa kuonyeshwa. Nafasi hiyo ingetosha kuandika: “Ramani hii ya njia za mabasi inahitaji Flash Player toleo la 9. Kama huna, orodha ya vituo iko hapa.” Badala yake walio wengi walibandika kitufe cha kupakua Flash cha Adobe, kampuni iliyoimiliki, wakaona kazi imekwisha. Kitufe kilimwelekeza mtu pa kwenda bila kumweleza anafuata nini, wala kama kinastahili dakika zake. Kwa mteja wa intaneti kafe aliyelipia nusu saa kilikuwa cha kejeli tu, maana kusakinisha programu kwenye mashine za kafe kwa kawaida huhitaji ruhusa ya mwenye kafe. Mteja yule alihitaji ile orodha ya vituo.

SWFObject, skripti ndogo iliyoanzishwa na Geoff Stearns, ilileta ustaarabu kidogo. Ukurasa ulipakiwa ukiwa na maandishi ya kawaida mahali pa Flash. Kisha skripti ilikagua kama Flash ipo na kama toleo lake linafika kiwango alichotaja mtengenezaji, tuseme 9.0.0. Likifika, maandishi yanaondolewa na Flash inachukua nafasi. Lisipofika, maandishi yanabaki palepale. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hali ya kushindwa ndiyo inayoandikwa kwanza, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuifikiria. Mwenye toleo la zamani aliwekewa Express Install, njia ya kusasisha kuanzia kwenye ukurasa uleule, ila ilidai nafasi isiyopungua pikseli 310 kwa 137 ili dirisha lake lienee. Aliyebana Flash yake kwenye utepe mwembamba juu ya ukurasa hakufaidika nayo.

Udhaifu ulikuwa kwenye ukaguzi wenyewe. Skripti za aina hii zilisoma orodha iitwayo navigator.plugins, au kwenye Internet Explorer zikajaribu kuamsha kijenzi cha ActiveX waone kama kitaitika. Sasa, Chrome ilikuwa ikija na Flash yake ndani tangu 2010. Kuanzia mwishoni mwa 2016 ikaanza kuificha Flash isionekane kwenye orodha ile mpaka mtumiaji airuhusu kwa tovuti husika. Skripti zikasoma, zikakuta hamna, zikatangaza bila wasiwasi: huna Flash, ipakue hapa. Mtu anatumwa kupakua kitu alichonacho! Wahandisi wa Chrome walikuwa wameliona hilo mapema. Ukibofya kiungo cha ukurasa wa kupakua Flash, kivinjari kilikatiza safari hiyo na kukuuliza kama unataka kuiruhusu Flash kwenye tovuti uliyopo. Ufundi huo naupenda, ingawa ni aibu kwamba ilibidi kivinjari kiwe kinasahihisha taarifa za kurasa za watu.

Kosa la kurasa hizo lilikuwa kuchanganya hali tatu: programu jalizi haipo, ipo lakini imezuiwa, ipo lakini imepitwa na wakati. Kila hali ina tiba yake, na skripti haikuwa na uhakika ni ipi. Ilichoona kwa hakika ni kimoja tu, kwamba Flash haikuwaka. Ingesema hivyo, kisha ikaorodhesha cha kujaribu, kuanzia na kuruhusu na kumalizia na kupakua.

Na kupakua kulikuwa na hatari yake. Watu walishazoeshwa kutii kila kisanduku kinachosema “sakinisha ili uone”, na wahalifu hawakulala. Mwaka 2011 kirusi cha Flashback kilianza kuingia kwenye kompyuta za Mac kikijifanya kisakinishi cha Flash Player.

Adobe walitangaza mwisho wa Flash Julai 2017. Msaada ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Flash Player ikazuia maudhui kuchezwa. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na fomu za eFiling ambazo hazijahamishiwa HTML5. Mwezi huohuo ikatoa kivinjari chake yenyewe, SARS Browser, chenye uwezo wa kufungua fomu hizo. Mafundi duniani wakacheka, na kweli palikuwa na cha kuchekesha: miaka mitatu na zaidi ya onyo, halafu kivinjari kizima kwa ajili ya fomu zilizobaki. Lakini soma taarifa yao kama ujumbe kwa mtumiaji. Ilisema kivinjari hiki ni cha nini, kwamba kinafungua tovuti za SARS peke yake, na kwamba kinafanya kazi kwenye Windows tu. Mlipakodi mwenye Mac alijua, kabla hajatumia hata megabaiti moja, kwamba atafute kompyuta nyingine.