Msumari Kwanza, Bunduki Baadaye

Bei ya bunduki ya misumari unailipa mara moja. Misumari yake utailipia mpaka siku utakapoitupa. Hata hivyo wanunuzi wengi huanzia mwisho: wanaona mashine ya bei nzuri, wanaipima uzito mkononi, wanalipa, kisha ndipo wanauliza misumari yake inapatikana wapi. Mafundi wa Marekani na Kanada, ambako nyumba ya kawaida ni fremu ya mbao kuanzia juu ya msingi hadi paa, wamekwisha kulipia somo hili. Inafaa kuona walivyochagua, na mahali ambapo hesabu yao inagoma kwenye mbao zetu.

Katika soko lao kuna familia nne za bunduki, zikitajwa kwa nyuzi za pembe ya magazini, yaani sehemu inayobeba mkanda wa misumari. Kuna ya nyuzi 21, misumari yenye vichwa vya duara kamili iliyoshikanishwa kwa plastiki. Kuna ya nyuzi 28, iliyounganishwa kwa waya mwembamba. Kuna ya nyuzi 30 hadi 34, iliyoshikwa kwa karatasi. Na kuna ya nyuzi 15, iliyozungushwa kama koili, ambayo hubeba misumari 200 hadi 300 kwa mkupuo lakini uzito wake unausikia begani kabla ya saa sita mchana.

Nyuzi hizo zina kazi. Fundi wa fremu hupigilia katikati ya nguzo zilizopangwa kila baada ya inchi 16, nafasi inayobaki wazi ni inchi 14 na nusu, na mara nyingi anapiga mshazari kwenye kona. Magazini ikiinuka kutoka usawa wa mbao, mdomo unafika konani. Ikilala sambamba na mbao, mkia wake unagonga nguzo ya jirani kabla mdomo haujafika unapotakiwa.

Kichwa cha msumari nacho kina hesabu yake. Duara kamili linakula nafasi, kwa hiyo misumari hukaa mbalimbali na plastiki ndiyo inayojaza pengo. Ukikata kipande cha kichwa, misumari inabanana, karatasi inatosha kuishika, na mkanda wa urefu uleule unabeba mingi zaidi. Lakini kichwa kilichokatwa kina eneo dogo la kuzuia ubao usichomoke kupitia juu yake, na katika maeneo ya vimbunga na matetemeko wakaguzi wengi hudai duara kamili. Watengenezaji wakajibu kwa kuacha duara zima na kulisogeza upande mmoja wa msumari, ili misumari iendelee kubanana. Ukikuta mkanda wa karatasi wenye vichwa vilivyokaa upande, si kasoro ya kiwandani.

Sasa tuingie ndani ya mashine, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. Hewa inasukuma pistoni, na pistoni imeshika chuma kirefu kinachoshuka kwa kishindo ndani ya mdomo. Ili kazi iende, msumari lazima uwe umesimama sawasawa chini ya chuma hicho. Kinachousimamisha ni reli za magazini na kisukumizi cha springi, navyo vimetengenezwa kwa pembe moja tu. Weka mkanda wa nyuzi 28 kwenye mashine ya 21: hata ukikubali kuingia, msumari wa mbele utafika mdomoni umeinama, chuma kitaupiga ubavuni, nao utajikunja na kuziba njia. Utafungua mdomo, utachomoa kwa koleo, utafunga, na mkanda uleule utakufanyia vilevile. Mikanda ya 20, 21 na 22 ya plastiki kwa kawaida haigombani. Ya karatasi kati ya 30 na 34 mara nyingi huingiliana. Ya 28 haina ndugu. Zaidi ya pembe, soma pia unene na urefu unaokubaliwa: kwa bunduki nyingi za fremu unene ni inchi 0.113 hadi 0.131, yaani milimita 2.87 hadi 3.33, na urefu ni inchi 2 hadi 3 na nusu.

Kwa mtu mwenye bajeti finyu, hukumu yangu ni nyuzi 21 inayotumia hewa ya kompresa. Misumari yake hutengenezwa na kampuni nyingi, na ushindani huo ndio unaoshusha bei ya boksi. Mashine zenyewe ni za zamani kimuundo, jambo ambalo katika zana ni sifa. Hitachi NR83A2 ilijijengea jina kwenye saiti za Marekani kwa miaka mingi bila urembo wowote. Mwaka 2018 zana za Hitachi zilibadilishwa jina huko zikawa Metabo HPT, lakini ukoo wa mashine uliendelea na NR90AES1 ya nyuzi zilezile. Chini yao kuna za bei poa zaidi kama Freeman PFR2190, ambayo kwa fundi wa kupiga mara mojamoja inatosha. Kero ya familia hii ni plastiki: kila msumari unaporuka, vipande vinarushwa usoni. Miwani si hiari.

Za gesi, ambazo Paslode waliziingiza sokoni mwaka 1986, ni nyepesi na hazina mpira wa kukuburuza. Ila zinadai mikebe ya gesi, na mikebe hiyo haipandi ndege ndani ya sanduku la abiria. Ndugu yako wa Ohio akikuletea bunduki ya gesi kama zawadi, muulize kwanza mikebe itakujaje. Za betri ni nzuri, na bei yake iko nje ya mada hii.

Turudi kwenye msumari. Wa bunduki ni mwembamba kuliko wa nyundo, na kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi za Marekani zinalijua hilo. Kushika nguzo ya ukuta kwa msumari unaopigwa kupitia ubao wa juu, zinakubali misumari miwili mikubwa ya inchi 3 na nusu yenye unene wa 0.162, au mitatu ya inchi 3 yenye unene wa 0.131. Piga hesabu ya eneo la chuma kinachokatiza kiungo: jumla zinakaribia kulingana. Kwa hiyo fundi anayehama kutoka nyundo kwenda bunduki na kubaki na idadi ileile ya misumari amepunguza nguvu ya kiungo bila kujua. Kasi ya bunduki inamruhusu kuongeza wa tatu, basi auongeze.

Hapa ndipo mbao zetu zinapoleta ubishi. Mbili-kwa-nne ya Marekani imerandwa, unene wake halisi ni inchi moja na nusu. Msumari wa inchi 3 ukiipita, nusu yake yote inabaki kushika ubao wa pili. Mbao nyingi za paini zetu huuzwa bila kurandwa, na ukibahatika ni inchi 2 au karibu yake. Msumari mrefu kabisa wa bunduki ya kawaida, inchi 3 na nusu, unabakiza inchi moja na nusu tu upande wa pili, kile wanachopata wao kwa wa inchi 3. Ndiyo maana fundi wa kenchi hushika msumari wa inchi 4, na bunduki hizi haziufikii. Kwenye mninga au mvule usizitegemee kabisa. Msumari mwembamba utasimama njiani huku kichwa kikiwa nje. Na kwa mbao za dawa, hasa zile za shaba, chagua msumari uliochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Wa kung'aa tu huliwa na kutu mapema.

Kompresa nayo isikutishe. Bunduki hizi hufanya kazi kati ya bar 5 na 8, na kompresa ndogo ya lita 50 hufika bar 8. Tanki likishuka kutoka 8 hadi 6 limetoa takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Kila msumari ukila lita 3 hivi, unapata misumari kama 30 kabla mota haijaamka. Kwa kenchi na vibanda inatosha. Kwa mafundi wawili wanaopiga kwa pamoja, haitoshi. Matone mawili ya oili ya zana za hewa kila asubuhi huzifanya oringi zidumu.

Kabla ya kulipa, angalia kifyatulio. Kuna kinachopiga kila mdomo unapogusa mbao ukiwa umekibana, na kuna kinachodai ubonyeze mdomo kwanza, kisha ukivute kwa kila msumari. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, iliyokadiria watu 37,000 kwa mwaka kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari, inasema aina ya kwanza huongeza hatari takriban mara mbili. Omba ya pili. Utapoteza sekunde, hutapoteza kidole.

Jambo la mwisho kwa mafundi wa zege. Misumari mingi ya bunduki imepakwa utando ambao joto la msuguano huuyeyusha wakati unaingia, kisha unaganda na kushika nyuzi za mbao. Ni sifa nzuri ukutani. Kwenye mbao za kufungia zege utakazozibomoa keshokutwa, utang'oa vichwa, msumari wenyewe utabaki ndani na ubao utapasuka. Hapo chukua nyundo na misumari ya kilo.