Kabla ya Jumatatu

Jumatatu saa nne asubuhi natakiwa nifike kwenye kituo cha tiba ya ulevi hapa London, na kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikijiandaa kama mtoto anayekwenda kuanza darasa la kwanza. Si hospitali ya kulazwa. Unahudhuria mchana, unazungumza na mshauri na wagonjwa wenzako, jioni unarudi kwako na vishawishi vyako. Nimekichagua kituo hiki kwa sababu kiliwekwa kwa ajili ya wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na wengine ambao kwingineko hulazimika kusema uongo kabla hata hawajaitaja chupa. Mji huu una mazoea hayo ya siku nyingi. Shirika la London Friend, linalowahudumia watu wa namna hiyo, lilianza mwaka 1972. Kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kingali na kifungo kinachoweza kufika maisha, na Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwafikia watu kama mimi.

Nilitumiwa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kuandika kila ninachokunywa. Waingereza huhesabu pombe kwa vipimo, kila kimoja mililita 10 za kileo halisi, na wameonya nisiache ghafla, maana mwili uliokwisha kuzoea ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege. Basi napunguza kidogo kidogo kama daktari alivyonielekeza. (Kimpumu cha kwetu kingewashinda kuhesabu: chungu ni kimoja, wanywaji ni wengi, na maji ya moto huongezwa tena na tena. Nani atajua amekunywa vipimo vingapi?)

Karatasi ya pili ndiyo iliyonikwamisha. Inataka niwataje watu ninaokunywa nao, kisha niseme nitajitenga na nani. Nilikaa na kalamu mkononi hadi chai ikapoa. Mwishowe nikakitoa rafuni kitabu cha Monica Wilson juu ya Wanyakyusa, *Good Company*, kilichotolewa mwaka 1951, nikakisoma upya usiku kwa usiku.

Mwandishi huyu na mumewe Godfrey walikaa kwetu Rungwe katika miaka ya 1930. Anaeleza jambo ambalo babu yangu wa Masukulu alilijua kwa kulala ndani yake: vijiji vya rika. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda na wenzake wa umri mmoja, na wenzake hao ndio aliozeeka nao. Kiini cha maisha hayo ni *ukwangala*, yaani kuketi na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao kwa adabu. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka ya uchawi. Hapo nampongeza Mama Wilson bila kusita. Karatasi yangu inadhani mwenzi wa kunywa ni tabia mbaya unayoweza kuikata kama kucha. Yeye alielewa kwamba kwa Mnyakyusa kumwondolea wenzi ni kumwondolea utu. Washauri wa hapa wangefaidika kusoma japo sura moja.

Lakini kuna kurasa chache ambazo nilizitafuta nikiwa kijana, katika maktaba, nikiwa nimekipa mgongo mlango. Anaandika kwamba katika vijiji vya wavulana palikuwa na waliolala pamoja kimapenzi. Waliomsimulia walilihesabu kuwa jambo la ujana linalokwisha mtu akioa, na kumlazimisha mwenzio ndilo lililokuwa kosa kubwa. Anayaandika haya bila kushtuka na bila matusi, na namshukuru. Kisha anafunga mlango na kuendelea na habari za ndoa na ng'ombe. Na yule ambaye jambo lake halikwisha? Alikaaje chunguni na wenzake kwa miaka arobaini iliyofuata? Kitabu hakiulizi. Kinampokea kila mwanamume kana kwamba anaketi kwenye *ukwangala* kwa raha ileile.

Ninamlaumu kwa hilo kwa sababu jibu alikuwa nalo mwenyewe. Katika kitabu hichohicho anaeleza juu ya *mbepo sya bandu*, pumzi ya watu: majirani wakinung'unika juu ya mtu aliyeikosea desturi, baridi humwingia mwilini akaugua. Laiti angeziweka kurasa hizo kando ya zile chache! Wenzi walewale wanaokupa joto ndio wenye pumzi ya baridi. Mtu mwenye siri hana budi kukaa nao karibu sana ili wasimnong'one, na hawezi kukaa karibu hivyo akiwa na akili timamu. Mimi nilianza kunywa hapo. Kilabuni Masukulu, mvua ikipiga bati, niliweza kumwegemea rafiki yangu mmoja na kuimba naye, mkono wangu begani kwake, wala hakuna aliyegeuza shingo, kwa sababu tulikuwa walevi na walevi huegemeana. Asubuhi tulisalimiana *ugonile* kama majirani tu. Alipooa nilikuwa msimamizi wake, nikanywa siku tatu, na wazee wakanisifu kwamba nampenda sana mwenzangu.

Huyo ndiye mtu wa kwanza ninayetakiwa kumwandika. Ana wajukuu sasa. Hatujanywa pamoja tangu nilipohama, na bado kila chupa niliyofungua hapa London nimeifungua kama mtu anayemsogezea mwenzake kigoda. Je, nitajitenga naye vipi?

Kwa haki, kituo hakijanidai nibaki peke yangu. Chini ya karatasi wameandika kwamba kuna kikundi cha watu tisa, kinachoketi duara moja kila wiki, na kwamba huko hapana haja ya kuficha unayempenda. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko kitabu. Wageni tisa wenye vikombe vya chai si rika. Hatukujenga vibanda pamoja, na baadhi yao ni vijana wa kuwazaa mimi. Sijui kama naweza kuimba mbele yao nikiwa mkavu.

Jina lake nimeliandika, mbele yake pa kujibia nimepaacha wazi. Karatasi nimeifungia ndani ya kitabu, kwenye zile kurasa chache. Kesho ni Jumapili; nitapiga pasi shati, na nitaitazama ramani ya basi mara nyingine.